Kifafa kinarithiwa? Swali la wazee wa posa na swali la daktari

Kabla posa haijapokelewa, kuna wazee hutumwa kimyakimya kuulizia habari za ukoo. Hawaulizi mali tu. Wanauliza kama kwa kina fulani kuna wachawi, kama kuna aliyewahi kuugua ukoma, kama kuna kichaa, kama kuna kifafa. Likirudi jibu kwamba "wale wana kifafa", mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo, na binti au kijana mwenyewe haambiwi sababu. Haijalishi kwamba yeye hajawahi kuanguka hata siku moja na aliyekuwa akianguka ni shangazi yake mmoja, zamani.

Wazee hao si wajinga. Waliona kweli kwamba zipo nyumba ambako kifafa hurudi na kurudi, na zipo ambazo hakijawahi kuzibishia hodi. Walichokosea ni hesabu, na zaidi ya hesabu, chanzo. Watu wa ukoo mmoja wana damu moja, sawa, lakini wana pia mto mmoja, choo kimoja, jiko moja, na hospitali ileile iliyo mbali mno kwa mama aliyeshikwa na uchungu usiku. Kisha upo upande wa pili ambao wazee hawana namna ya kuujua: kifafa kinachotokana moja kwa moja na jeni, yaani vinasaba, ambacho ungezipekua koo zote mbili hadi kizazi cha saba usikipate, kwa sababu kilianza na mtoto huyohuyo.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayotisha watu kupita kiasi. Rochester, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, kumbukumbu za matibabu za wakazi zimetunzwa vizuri kwa miongo mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwachukua wagonjwa 660 wa kifafa, ukawafuatilia ndugu zao wa karibu 2,439: wazazi, watoto na ndugu wa kuzaliwa nao. Kufikia umri wa miaka 40, ndugu waliokuwa wamepata kifafa walikuwa asilimia 4.7. Kwa wakazi wa kawaida wa eneo lile ilikuwa asilimia 1.3. Ukisema hatari imepanda mara tatu na zaidi, umesema kweli. Ukisema ndugu 95 kati ya 100 hawakupata, umesema kweli ileile. Kwenye posa husikika sentensi ya kwanza peke yake.

Aina ya kifafa nayo ina maana. Kile kinachoshika ubongo mzima kwa mpigo hufuata damu zaidi kuliko kile kinachoanzia sehemu moja ya ubongo. Huko Rochester, ndugu wa wagonjwa wa aina ya kwanza walikuwa na hatari ya kupata aina hiyohiyo mara nane ya watu wengine. Wa aina ya pili, mara mbili na nusu hivi. Kwa hiyo swali "kifafa kinarithiwa?" halina jibu moja, kwa kuwa kifafa chenyewe si ugonjwa mmoja. Ni jina la dalili, mishtuko inayojirudia, na nyuma yake kuna magonjwa kadhaa yasiyofanana.

Ila Rochester si Mahenge, na hapo ndipo penye somo kubwa zaidi kwa sisi wa huku.

Mahenge ni mji mdogo wa milimani katika Wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro. Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, alifika huko karibu na mwaka 1960 akawakuta Wapogoro wengi kupita kawaida wakiugua kifafa. Wengi walikuwa na makovu ya kuungua, kwa sababu mtu anapoanguka karibu na mafiga watu husita kumgusa: mate na povu la mgonjwa viliaminika kuambukiza. Walikula peke yao na kulala peke yao. Akaanzisha kliniki, akawa anawapa fenobabito, na mwaka 1965 akachapisha maelezo yake kuhusu kifafa cha Wapogoro. Kwa baadhi ya watoto ugonjwa ulianza kwa kichwa kuinama mbele, kuinuka, kuinama tena, mtoto akiwa macho. Kliniki hali hiyo ikaitwa "amesinzia kichwa".

Kwenye kliniki ya namna hiyo wanakuja ndugu wawili, watatu wa tumbo moja. Nani asingefikiria urithi? Na utafiti uliwaunga mkono waliofikiria hivyo. Profesa William Matuja wa Muhimbili na wenzake, pamoja na Jilek-Aall mwenyewe, walichapisha mwaka 2001 matokeo yaliyoonyesha kwamba kuwa na ndugu wa karibu mwenye kifafa ni moja ya mambo yaliyowatofautisha wagonjwa wa huko na majirani zao wazima. Mtu angeweza kuifunga kesi hapo: kifafa cha Mahenge kimo katika damu.

Lakini Mahenge kuna kitu kingine: mito yenye maji ya kasi, na usubi. Ni inzi mdogo mweusi anayezaliana kwenye maji yanayokimbia juu ya mawe. Huuma mchana, na anapouma hupitisha minyoo wanaoleta muwasho wa ngozi na, baada ya miaka, upofu. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2018 uliwakuta wenye kifafa asilimia 3.5 katika vijiji vya ndani zaidi, na asilimia 1.5 katika vijiji vilivyo karibu na mji. Kama jambo lingekuwa damu ya kabila tu, tofauti hiyo ndani ya tarafa moja ingekuwa ngumu kuieleza.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulipatikana Kameruni, kwenye bonde la mto Mbam. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watoto wa vijiji vya bonde lile walikatwa vipande vidogo vya ngozi ili kuhesabu minyoo wa usubi mwilini. Mwaka 2017 watafiti wakarudi kuuliza ni nani kati yao alikuja kupata kifafa. Kadiri mzigo wa minyoo utotoni ulivyokuwa mkubwa, ndivyo kifafa kilivyokuwa kingi. Namna minyoo hao wanavyouharibu ubongo bado inabishaniwa maabara, lakini kwa mwenye kutaka kukinga watoto, uhusiano huo unatosha kuanza kazi. Kaskazini mwa Uganda, wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo zilikuwa zimezongwa na ugonjwa wa kutikisa kichwa, ndugu ya kile cha Mahenge. Serikali ikatia dawa mitoni kuua viluwiluwi vya usubi na kuanza kugawa kingatiba ya ivermektini mara mbili kwa mwaka. Baada ya 2012 visa vipya vikakatika. Jeni haziuawi kwa dawa ya mtoni.

Je, ina maana Matuja na wenzake walikosea? Hapana. Walipima kilichokuwapo: kifafa kilikuwa kwenye familia. Ila familia ndiyo inayolima shamba moja kando ya mto mmoja na kuumwa na usubi uleule kuanzia utotoni. Inawezekana pia kwamba miongoni mwa wote walioumwa, jeni za wengine zinawafanya wadhurike upesi zaidi. Kuuona ugonjwa kwenye nyumba moja kunakwambia uangalie nyumba hiyo kwa makini. Hakukwambii kilichomo ndani yake.

Tegu wa nguruwe ni mfano mwingine, mfupi lakini mchafu kidogo. Mtu mmoja nyumbani, mara nyingine ndiye mpishi, ana tegu tumboni. Mayai yanatoka na kinyesi chake, yanabaki kwenye kucha, yanaingia kwenye chakula. Anayeyala haoti tegu; anaota vifuko vya viluwiluwi, na vikikaa kwenye ubongo vinaleta kifafa. Asiyekula kabisa nyama ya nguruwe anaweza kuvipata hivyohivyo. Watafiti wameufuatilia sana ugonjwa huu Mbulu, wakishirikiana na hospitali ya Haydom. Baba, binti na mfanyakazi wa nyumbani wakianguka kifafa, kijiji kitasema laana, na msomi wa kijijini atasema urithi. Mfanyakazi wa nyumbani hana damu yao hata tone.

Uzazi nao uingizwe kwenye hesabu. Utafiti mkubwa wa mwaka 2013 uliofanyika Kilifi, Ifakara, Iganga na Mayuge nchini Uganda, pamoja na vituo vya Ghana na Afrika Kusini, uligundua kwamba mtoto aliyepata shida ya kulia, kupumua au kunyonya mara baada ya kuzaliwa alikuwa na uwezekano wa kifafa mara 10 kuliko wenzake. Fikiria mama mwenye nyonga nyembamba anayejifungulia kila mtoto mbali na chumba cha upasuaji. Watoto wake wawili watapata kifafa, mume ataambiwa aoe kwingine, na kilichorithiwa pale hakuna, labda umbali wa barabara.

Sasa tugeuze shilingi.

Mtoto wa miezi sita, anakua vizuri, anacheka. Anapata chanjo, usiku anachemka homa, na homa inaleta degedege linalokwenda nusu saa. Miezi michache baadaye linarudi, na tena. Akifika mwaka wa pili kuongea kunachelewa na mwendo unayumba. Hali hii ilielezwa mwaka 1978 na Charlotte Dravet, daktari wa Ufaransa, na leo inabeba jina lake. Kwa miaka mingi wazazi wa watoto wa namna hii waliamini chanjo ndiyo iliyowaharibia mtoto, na kuna madaktari waliokubaliana nao. Mwaka 2001 ikapatikana jeni inayohusika, SCN1A. Mwaka 2006 kundi la watafiti kutoka Australia liliwapima wagonjwa 14 waliodhaniwa kuharibiwa ubongo na chanjo. 11 kati yao walikuwa na hitilafu kwenye jeni hiyo. Chanjo ilileta homa, kama zifanyavyo chanjo nyingi, na homa ikautangulizia siku ugonjwa ambao ungekuja hata kwa malaria ya kawaida.

Kwenye takriban visa 9 kati ya 10 vya Dravet, wazazi ukiwapima hawana hitilafu hiyo. Imetokea upya, kwenye yai au mbegu au mara tu baada ya mimba kutungwa. Si ajabu wala si adhabu: kila mmoja wetu alizaliwa na mabadiliko mapya ya vinasaba kama 70 hivi ambayo wazazi wake hawana, na karibu yote hayana madhara. Mtoto wa Dravet lake moja limeangukia mahali pabaya. Kifafa chake ni cha jeni kwa asilimia mia, lakini hakukirithi. Ukimuuliza mama yake "kwenu kuna kifafa?" atajibu hakuna, kwa haki kabisa, na ukiandika kwenye faili "si cha kijenetiki" utakuwa umeandika uongo. Tena uongo wenye gharama. Jeni hiyo hutengeneza vipitio vya sodiamu kwenye seli za ubongo, hasa zile zenye kazi ya kuzituliza nyingine. Kabamazepini, moja ya dawa za kifafa zilizo rahisi kupatikana kwetu, huziba vipitio hivyohivyo. Mtoto wa Dravet akipewa, mara nyingi huzidi.

Kuna pia urithi unaojificha. Daktari ana mtoto mwenye mishtuko, na ngozi ya mtoto ina mabaka meupe yenye umbo la jani. Baba yupo pale, mzima, hajawahi kuanguka. Daktari makini atamwomba baba avue shati. Mabaka mawili matatu mgongoni. Vipele vigumu pembeni mwa pua ambavyo baba ameviita chunusi tangu ujana. Kinyama kidogo kando ya ukucha. Ni ugonjwa uleule, unaosababishwa na jeni za TSC1 au TSC2, na kwa baba uliishia kwenye ngozi. Karibu theluthi moja ya wagonjwa wake huupata kwa mzazi. Waliobaki ni mabadiliko mapya kama ya Dravet. Baba wa aina hiyo angejibu maswali ya wazee wa posa kwa kiapo na wangemkubalia.

Hata jeni ya kwanza kabisa ya kifafa kugunduliwa, mwaka 1995, ilitoka kwenye ukoo mmoja wa Australia wenye aina ya kifafa ambayo kwa miaka mingi imechukuliwa kuwa jinamizi: watu huamka usiku wakirusha mikono na miguu, kisha hulala tena. Na si kila aliyebeba jeni hiyo anaugua; takriban 3 kati ya 10 hawaonyeshi kitu.

Halafu kuna zile zinazohitaji kutoka pande zote mbili. Mama mzima, baba mzima, kila mmoja amebeba nakala moja yenye kasoro na nyingine nzima. Mtoto akizichukua zote mbili zenye kasoro, anaugua. Kwa kila mimba uwezekano ni 1 kati ya 4. Hizi huonekana zaidi pale ndoa za mtoto wa ami au wa mjomba zilipo desturi, kama ilivyo Oman na kwa familia nyingi za pwani yetu. Nisieleweke vibaya: watoto wengi wa ndoa hizo huzaliwa wazima. Ila ndugu wawili wakiugua na wazazi wakiwa ni binamu, daktari ana haki ya kuuliza. Baadhi ya aina hizi zina dawa ya bei ndogo. Kuna kifafa cha watoto wachanga kinachokataa dawa zote za kawaida na kusikia vitamini B6 tu. Asiyekiwaza hataitoa, na mtoto atakufa.

Hizo za jeni moja ndizo zinazovutia kusimulia, lakini kwa wagonjwa wengi wenye mwelekeo wa kurithi hakuna jeni moja ya kunyooshea kidole. Ni nyingi ndogondogo, kila moja ikishusha kidogo kizingiti cha ubongo kupata mshtuko. Mwaka 2023 watafiti wa nchi nyingi waliopima karibu wagonjwa 30,000 walitaja maeneo 26 ya namna hiyo kwenye vinasaba. Wengi mno wa waliopimwa walikuwa wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo usiharakishe kulipia kipimo cha mtandaoni kinachodai kukupigia hesabu hiyo wewe wa Tanga. Namna kizingiti kinavyoshirikiana na ajali ilionekana Denmark, kwenye utafiti wa watu zaidi ya milioni 1.6 uliochapishwa 2009. Aliyeumia kichwa kidogo, na kwao hakuna kifafa, hatari yake ilipanda mara mbili hivi. Aliyeumia vilevile na kwao kipo, ilikaribia mara sita. Bodaboda na jeni zinaweza kumwangusha mtu mmoja kwa pamoja.

Ndiyo maana daktari anauliza habari za ukoo, na ndiyo maana namna ya kuuliza ni kazi yenyewe. "Kwenu kuna kifafa?" mbele ya mama mkwe itapata jibu moja tu: kwetu hakuna, labda upande wa mwanamke. Wauguzi wazoefu wanauliza kwa kuzunguka. Kuna ndugu aliyeungua kwa kuangukia moto? Aliyezama maji mafupi? Kuna watoto waliokufa kwa degedege? Kuna anayekunywa vidonge kila siku na hataki kusema vya nini? Kuna kijana ambaye asubuhi kikombe cha chai humruka mkononi, hasa akikesha? Hilo la mwisho ni dalili ya kifafa cha vijana kinachofuata damu na kinachotibika vizuri, lakini nacho kabamazepini huweza kukichafua. Degedege la homa lenyewe hupita kwenye familia, na watoto wengi walio nalo hawapati kifafa ukubwani. Liandikwe kwenye faili, lisihukumiwe.

Jibu la ukoo likienda kwa daktari linabadilisha dawa. Likienda kwa mwenye mamlaka linaweza kubadilisha mambo mengine. Julai 1933 Ujerumani ya Hitler ilitunga sheria ya kuwahasi kwa nguvu watu wenye magonjwa yaliyoitwa ya kurithi, na "kifafa cha kurithi" kilikuwa kwenye orodha. Ilikuwa miaka 62 kabla ya jeni ya kwanza ya kifafa kujulikana. Daktari aliyeandika kwamba cha huyu ni cha kurithi hakuwa na alichokiona zaidi ya wanachokiona wazee wa posa. Marekani majimbo 17 yaliwahi kuwakataza wenye kifafa kuoana. Uingereza sheria yake iliruhusu ndoa kubatilishwa kwa sababu hiyo hadi ilipobadilishwa mwaka 1971. Mwaka huohuo Tanzania ilitunga Sheria ya Ndoa, na kifungu cha 39 kikaweka kuugua wazimu au kifafa mara kwa mara, wakati wa kufunga ndoa, kati ya sababu za kuibatilisha. Tuliokota walichokuwa wanakitupa.

Swali la posa lina pacha wake, nalo huulizwa chinichini na mwanamke mwenye kifafa: nikizaa, mtoto atakuwa kama mimi? Kwa wengi jibu ni hapana. Hatari ipo, kubwa kidogo kuliko ya mama mwingine, na bado watoto walio wengi hawataugua. Kinachopaswa kumshughulisha zaidi kimo kwenye pakiti ya dawa zake. Valproeti ni dawa nzuri ya kifafa, lakini mama akiwa anaimeza, mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya maumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya kukua na kujifunza. Shirika la Afya Duniani linashauri wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba wasianzishiwe. Aliye nayo tayari asiiache ghafla, maana mishtuko mfululizo huua mama na mtoto. Aende akabadilishiwe taratibu, aanze na foliki asidi, na aende kabla ya mimba. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne za kwanza tangu mimba kutungwa, wakati wengi bado wanadhani hedhi imechelewa tu.